Nguo Isiyoshika Maji

Moshi wa nguo umeharibu kifua cha mke wangu. Moshi mweusi, mzito, wenye mafuta. Ulipanda nyuma ya soko la Burma kila asubuhi kwa miaka minne, na mimi ndiye niliyeuleta.

Tunauza supu ya vichwa vya mbuzi. Kabla ya supu kuna manyoya, na manyoya yanataka moto. Makaa yalipopanda bei, nilimwendea Mwanzia, muuza mitumba, nikamwomba nguo za chini kabisa, zile zinazobaki wanunuzi wote wakishachagua.

"Beba zote, buda," alicheka. "Hizo hata kudekia hazifai. Hazishiki maji."

Nilijaribu. Nilimwagia blauzi maji, yakateleza kama juu ya karatasi ya nailoni. Nikaitupa motoni, ikalia, ikadondosha matone yanayowaka. Haishiki maji. Inashika moto.

Wewe uliyeinunua huko mbali, nakuuliza: uliivaa siku ngapi? Gauni moja la njano lilifika na karatasi ya bei ingali shingoni, uzi haujakatwa. Hukulivaa kanisani. Hukulivaa hata kwa mzaha. Ulilitia kwenye mfuko, ukaliita msaada, ukalala usingizi mzuri. Ulitoa msaada, tulipokea takataka zako zimepigwa pasi.

Na wewe dada uliyelishona, ambaye sikujui, uliinamia cherehani saa ngapi kwa ajili ya gauni la kuchomwa? Nawe ulikohoa?

Mimi nilipasua vichwa kwa shoka. Moto nilimwachia mke wangu, Ayuma. Aliinama juu ya moshi, akageuza kichwa hiki, akageuza kile, leso puani, macho mekundu. Nthoki, jirani yetu wa chapati, alimtania:

"Mama Triza, leo unachoma kabati la nani?"

"La mzungu! Kubwa ajabu, haliishi!"

Tulicheka. Nami nilicheka. Kicheko hicho sijakisamehe.

Zilizotushinda kuchoma tulizitupa mtoni. Ziko huko mpaka leo, zimekwama kwenye kingo, rangi zote, mikono imenyooshwa. Mvua imezipiga, jua limezipiga. Hazikuoza. Haishiki maji, nguo hii, hata mto hauijui.

Kikohozi kilipoanza, Ayuma alisema ni baridi. Nami nikasema ni baridi. Daktari alimsikiliza mgongo, akauliza tunapikia nini.

Leo tunachoma kwa makaa, na moto naushika mimi. Nimechelewa.

Tunakaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita. Zamani Ayuma alipanda na mtungi wa lita ishirini kichwani, akiimba, akinicheka mimi niliyebaki nyuma. Jana asubuhi nilibeba mtungi mimi, nikamfuata polepole, nikihesabu ngazi. Kumi na mbili, akasimama. Tisa, akasimama. Saba, akaketi.

"Baba Triza, tangulia."

Sikutangulia. Ilikuwa baridi ya Julai, na kinywani mwake ulitoka mvuke mdogo, mweupe, mwembamba kama uzi. Ulipanda kidogo, ukakatika. Huo ndio moshi uliobaki.

Ngazi tisini na sita. Alisimama mara kumi na tatu. Ana miaka arobaini na moja. Kuimba, hakuimba hata mara moja.