Ndugu Yangu wa Chini ya Taa

Mlinzi wa lango alipiga goti mbele ya mama yangu akamfundisha kuvaa ndala.

"Kamba hii inapita katikati ya vidole, bibi. Usivute sana, zimesukwa kwa mkono hizi."

Mama alimtazama kwa makini, akanyoosha mguu, akakubali kuvishwa. Ndala zile za majani ya mkadi, wanazovishwa wageni wote wasichubue mawe, alikuwa amezisuka yeye mwenyewe, barazani kwetu, majuma mawili yaliyopita. Hata pale nilipokuwa nimesimama niliiona alama yake, fundo dogo lililogeuziwa ndani kwenye kisigino.

"Asante, mwanangu," alisema. "Kama si wewe ningezivaa kichwani."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kibendera changu cha manjano, mbele yangu wageni kumi na mmoja waliotoka Jakarta kwa safari ya siku moja, na wa kumi na mbili alikuwa mama yangu mzazi, aliyekata tiketi kimyakimya bila kunidokezea. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipandisha watu kwenye hekalu hili la Budha, Wadachi, Wajapani, watoto wa shule na maharusi. Mama yangu sikuwahi kumpandisha. Kila aliponiomba nilimwambia mwezi ujao, wageni wakipungua, goti lako likipoa. Sasa alikuwa amechoka kuahirishwa, naye akaichagua siku ambayo Bu Wuryani, yaani Bi Wuryani, mkaguzi wa kampuni yetu, alikuwa nyuma ya kundi langu na ubao wake wa karatasi, akisikiliza kila neno ili aamue kama nitavaa tena beji mwaka ujao. Kampuni ina maelezo yake yaliyoandikwa, nasi tunayakariri neno kwa neno. Anayeongeza ya kwake, kitumbua chake kinaingia mchanga. Wenzangu wawili walikwisha kupoteza beji kwa njia hiyo.

Mlinzi akahamia kwenye mkoba wa mama. Akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua. Waridi, asumini na mlangilangi. Mwezi wa kufunga ulikuwa unakaribia, na majuma hayo kila mtu kwetu hubeba maua kwenda kuwakumbuka watu wake waliotangulia.

"Maua hayaruhusiwi juu, bibi. Wala chakula."

Akayatupa kwenye pipa la chupa tupu. Hakuyatupa kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliyatupa kama anavyotupa mtu ganda la karanga. Nikapandisha kibendera changu nikasema, "Karibuni, tuanze."

Maua yale nilijua ni ya nani. Nilipozaliwa, baba alilichukua kondo langu la nyuma, akaliosha, akalivika kitambaa cheupe na kulitia katika chungu pamoja na chumvi, sindano na penseli. Akakizika chungu kushoto mwa mlango, kama afanyiwavyo mtoto wa kike, akawasha taa juu yake kwa siku thelathini na tano. Kwetu, huyo ndiye mdogo wako. Hukufuata duniani, akakulinda mpaka unakufa, nawe humtupi. Penseli aliyoitia baba ilikuwa ile aliyoandikia namba za mawe, maana wakati huo hekalu lilikuwa likifumuliwa na kujengwa upya, naye alikuwa kibarua wa kuosha mawe. Mwislamu wa swala tano, akimsugua Budha kwa brashi kutwa nzima, na jioni anarudi kwake na vidole vyeupe.

Nilipokuwa na miaka mitatu tuliambiwa tuhame kupisha bustani. Watu walibeba mapaa, milango na mbuzi wao. Chungu hakifukuliwi, kwa hiyo kilibaki. Mama aliporudi kukitafuta, ardhi ilikuwa imesawazishwa kama meza, hakuna kisima wala mti wa kumwonyesha mlango ulikuwa wapi. Tangu hapo, mwaka baada ya mwaka, amekuwa akinyunyiza maua nje ya uzio wa bustani, popote tu, kisha anageuka kwenda nyumbani.

Baba alipokuwa mgonjwa wa kufa, ndipo alipomweleza mama jinsi ya kupaona kutoka juu ya hekalu. Na mwaka huu daktari amemwambia mama kwamba jicho la kulia limekwisha na la kushoto linalifuata.

Chini ya ngazi ya kwanza, mgeni mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa mzee nadhifu wa miraba minne, mstaafu, kwa jina Pak Hendarto, yaani Bwana Hendarto.

"Dada, hivi wale wachuuzi pale nje wametoka wapi? Wametuganda tangu tushuke kwenye basi."

"Walifuata utalii, bwana," nilisema, na maelezo yakajiendea yenyewe mdomoni. "Kabla ya bustani hii, uwanja wote mnaouona ulikuwa pori. Hapakuwa na watu."

"Hapakuwa na watu?" Sauti ilitoka nyuma, ya upole. "Hata mmoja?"

Wageni waligeuka. Mama alikuwa ameegemea fimbo yake, akinisubiri, kama mgeni mwingine yeyote aliyelipa.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama," nilimjibu.

Bu Wuryani hakushtuka. Kila mwanamke mzee ni mama. Aliweka alama kwenye karatasi, nayo ilikuwa alama nzuri.

Tulipanda. Mama alikuwa akiweka mguu mmoja kwenye kipandio, anauita wa pili, anapumua. Pak Hendarto alikuwa nyuma yake, na subira yake haikufika hata ujia wa pili.

"Bibi, si ungebaki chini na wajukuu? Tuna saa moja tu huku juu."

"Pita, baba, pita," mama alimjibu. "Mimi na mawe haya tunafahamiana. Hayatanikimbia."

Watu wakacheka, naye akapita akitabasamu kwa shida. Nami nikaendelea kueleza michoro ya ukutani, mfalme huyu na tembo yule, merikebu na wapiga ngoma. Niliyasema yote bila kukosea, na sikusikia hata moja.

Katika ujia wa tatu, upande wa kusini, kushoto mwa ngazi, kuna sanamu lisilo na kichwa. Mama alilipapasa mabega, akasimama.

"Nimefika," alisema.

"Kasiyati, kundi lisikatike," Bu Wuryani aliniita.

"Dakika moja tu, Bu." Nilimwendea mama, nikamnong'oneza, "Mama, nakuomba. Leo wananikagua."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo. Leo huwezi kunikimbia." Akanishika mkono. "Baba yako alikuwa akila chakula chake cha mchana wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani alimwambia kuwa chakula tayari? Mimi nilikuwa naanika mtandio mwekundu kwenye kamba. Yeye anauona kutoka hapa, anashuka. Alikuwa anaweka kidevu juu ya ukuta huu. Weka na wewe."

"Mama..."

"Weka, binti. Mimi naona ukungu tu. Nimekuleta uwe macho yangu."

Niliweka kidevu juu ya jiwe. Lilikuwa la moto. Mbele yangu milima ya Menoreh ilikuwa imelala chali kama ilivyolala siku zote, paji la uso, pua, midomo, mtu mzima aliyelala usingizi. Nimewaonyesha wageni uso ule mara elfu.

"Tafuta pua," mama alisema. "Umeipata? Sasa shusha jicho polepole, kama unashusha ndoo kisimani. Usiyumbe. Linapogusa chini, ndipo mlangoni."

Nikashusha. Minazi, paa la maduka ya vinyago, njia ya lami, kibanda cha kuchajia vigari vya kubebea wageni. Na pembeni ya kibanda, penye majani mafupi, jicho langu likagota.

"Unaona nini?"

"Taa," nilisema. "Nguzo ya taa, mama. Ya bustani."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Miaka arobaini nahofia mwanangu yuko gizani," alisema. "Angalau wamemwekea taa."

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua pa kuitua. Kila asubuhi huwa napita pale nikienda kuchukua kundi. Mara ngapi nimeiegemea nguzo ile nikifunga kamba za viatu, nikijikumbusha kwamba hapakuwa na watu!

"Kuna nini hapo cha kuona?" Pak Hendarto alikuwa amekwisha kusogea, simu mkononi.

"Kwangu," mama alimwambia. "Pale penye nguzo. Mume wangu alikuwa anafanya kazi hapa, mimi naanika mtandio, naye anajua chakula tayari."

"Ala! Kumbe watu walikuwa wakianika nguo mbele ya Budha?" Aliwageukia wenzake. "Mnaona? Ndiyo maana waliondolewa. Na ni bahati, jamani. Fikirieni nguo za ndani zinapepea humu kwenye picha."

Watu wawili watatu walicheka.

"Ulikuwa mtandio, baba," mama alisema. "Nguo za ndani tulikuwa tunaanika nyuma. Hata sisi tuna haya."

Wakati ule ndio uliokuwa wa kusema. Maneno nilikuwa nayo, tena ya kutosha. Kwamba jiwe aliloegemea bwana yule lilioshwa na mume wa bibi huyu. Kwamba ndala alizovaa zilisukwa na mikono ile anayoicheka. Nikafungua mdomo. Bu Wuryani aliinua kalamu. Nami nikasikia sauti yangu ikisema, tamu kama ya redioni:

"Tuendelee, tafadhali. Upande huu."

Mama hakunilaumu. Alinipigapiga juu ya mkono, mara mbili, kama anavyopigwapigwa mtoto aliyejikwaa mbele za watu. Laiti angenizaba kofi.

Sikumbuki nilivyofika juu kabisa, kwenye makuba ya mawe yenye matundu, Mabudha wakiwa wameketi ndani. Najua nilizungumza, kwa sababu wageni waliitikia kwa vichwa na kupiga picha. Najua pia kwamba mmoja aliniuliza kama kumgusa Budha kupitia tundu kunaleta heri, nikamjibu kwamba hairuhusiwi. Moyoni nilikuwa nikijitukana matusi yote ninayoyajua. Nilikumbuka baba na vidole vyake vyeupe. Alinitilia penseli ili nijue kusema na kuandika, na mimi kwa mdomo alionipa nimekuwa nikimfuta kila siku, asubuhi na mchana, kwa mshahara.

Tulishuka kwa ngazi ya upande wa kutokea. Chini, njia inagawanyika. Ya kulia inapita katikati ya maduka ya vinyago mpaka kwenye basi, na hiyo ndiyo tunayoamriwa kupita. Ya kushoto ni ya vigari.

Nikageuza kibendera kushoto.

"Kasiyati!" Bu Wuryani aliharakisha kuja mbele. "Si huko. Unakwenda wapi?"

"Ziara haijaisha, Bu."

"Imeisha. Inaishia juu. Ninayo hapa, imeandikwa."

"Kilichobaki hakikuandikwa."

Alinikazia macho, akakaza na midomo. Nilimwona akiitafuta nafasi kwenye karatasi yake. Niliogopa, nasema kweli, kwa sababu nina mtoto chuoni na sina kazi nyingine. Lakini miguu iliendelea, na wageni wakaifuata, maana mgeni hufuata kibendera. Hata Pak Hendarto alifuata, akinung'unika juu ya jua.

Nguzo ya taa ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi nyeupe, imebabuka chini. Kando yake vigari vitatu vilikuwa vimeunganishwa na nyaya zao. Nilisimama nikawageukia watu kumi na wawili na mkaguzi mmoja.

Mama alipita katikati yao polepole. Alipofika kwenye majani alivua ndala, akazipanga sawia, akachuchumaa kwa shida akishikilia fimbo. Kisha akapeleka mkono nyuma ya kichwa, akazichomoa pini kwenye fundo la nywele zake za mvi, akatoa asumini. Zilikuwa nyingi, zimebanwa zikabondeka, lakini zilinukia.

"Walipekua mkoba," aliniambia bila kugeuka. "Kichwa hawakukipekua."

Akazinyunyiza. Mgeni mmoja, msichana aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, alivua ndala zake pia. Pak Hendarto alitazama chini kwenye miguu yake, akaona amesimama juu ya asumini mbili, akarudi nyuma.

"Hiki ni nini, dada?" aliuliza, na safari hii aliuliza kwa sauti ndogo.

Bu Wuryani alikuwa ameondoa kifuniko cha kalamu. Nilimtazama yeye kwanza, halafu nikawatazama wageni wangu.

"Kabla ya bustani hii," nilisema, "hapa palikuwa na watu. Hapa niliposimama ulikuwa mlango wa nyumba ya..."

"Siyo hapo, binti," mama alinikatiza kutoka chini. "Hapo umesimama jikoni. Rudi hatua mbili."

Nikarudi hatua mbili, nikaanza upya.