Mtoto wa Maternité

Jumatatu asubuhi, umeme uliporudi, Didier, fundi wa kompyuta, alimaliza kazi aliyoitiwa: kutenganisha timu za hospitali ndani ya kompyuta. Zamani humo "mtoto" alikuwa mmoja kwa wote. Maternité, wodi ya kujifungulia, wakibadilisha kitu kidogo kwao, pédiatrie, wodi ya watoto, wanakuta kazi yao imeharibika. Pédiatrie wakirekebisha, maternité wanapiga kelele. Sasa kila timu ilipata chumba chake katika mfumo, na katika kila chumba mtoto wake, asiyehusiana na mtoto wa jirani. Mkurugenzi alifurahi. Alisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na soda zikafunguliwa.

Siku hiyohiyo Nsimire, mama aliyetoka Kasha, huko mlimani, na aliyekuwa amejifungua Ijumaa, alimviringisha mwanawe kwenye kitenge ampeleke pédiatrie, ng'ambo ya korido. Mtoto alikuwa wa manjano mpaka machoni, na taa ya buluu ya kumtibu ilikuwa huko. Alipovuka kizingiti cha maternité, kitenge kikawa chepesi. Alikifungua, hamna mtu. Alirudi nyuma hatua moja, mtoto akawa mikononi tena, analia.

"Umuache ndani, maman," alisema Emmanuella, muuguzi wa zamu, akiendelea kukunja mashuka. "Ule ni mutoto wa maternité. Kule hawamujue."

"Lakini taa iko kule. Mi naiona."

Emmanuella hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kuiazima. Taa ililetwa, ikachomekwa, ikakataa kuwaka, kwa kuwa katika chumba cha maternité ndani ya mfumo hakuna aliyekuwa ameandika taa.

Kesho yake wakubwa wakakaa kikao. Docteur Camille, mkuu wa pédiatrie, alizungumza kwa adabu yote.

"Kwetu mutoto iko na jina. Yenu iko tu bébé ya Nsimire. Tukimuingiza vile, vitu vyetu vitaharibika tena."

Jina ni kazi ya baba mkwe, naye alikuwa safarini, huko Kamanyola, simu haipatikani. Nsimire, aliyesimama mlangoni, alilitoa mwenyewe, na aliona aibu kulitoa.

"Basi anaitwa Ezéchiel."

"Jina tunaliandika sisi, maman, akisha kufika kwetu."

"Na hafiki."

"Ndiyo," alikubali docteur Camille.

Didier alisema daraja kati ya vyumba viwili linawezekana, ila lazima kwanza timu zikubaliane mtoto ni nini. Maternité walisema ni kipande cha mama. Pédiatrie walisema ni mgonjwa mdogo. Kila mmoja alivutia kamba kwake, kwa Kifaransa kizuri, kisha wakaahirisha mpaka Alhamisi. Nsimire alirudi kitandani akajaribu kumnyonyesha mwanawe, lakini mtoto hakuwa tena na nguvu ya kuvuta ziwa.

Alikufa Jumatano, saa ya chakula.

Emmanuella alimbeba kwenda morgue, chumba cha maiti, Nsimire akimfuata. Walipofika mlangoni wote wawili walisimama, wakingoja kitenge kiwe chepesi. Hakikuwa chepesi. Mtoto alivuka kamili, na vidole vyake, na kucha zake, akalazwa juu ya meza. Nsimire alimshukuru Mungu, maskini, kwa sababu hakuwa na kingine cha kushukuru. Kisha akaenda kutafuta sanduku la kumzikia.

Mkurugenzi alitaka kujua mtoto wa maternité alivukaje. Didier alitazama, akaona kosa ni lake: morgue ilisahauliwa, bado ilikuwa ikimtumia mtoto wa zamani, wa wote. Aliomba radhi, akairekebisha kabla ya saa za kazi kwisha. Walimpongeza kwa kukiri.

Nsimire aliporudi na sanduku, meza ilikuwa tupu.

"Wetu wote iko hapa, maman," mlinzi wa morgue alimwambia kwa upole. "Wako haiko wa kwetu."

Sanduku likapandishwa Kasha hivyohivyo. Wanaume waliolibeba waliona ni jepesi mno, wakabadilisha bega kama desturi, wakalishusha kaburini.