Komadre wa Bwawa la Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Eduvigis alikuwa ameshafungua makasha manne ya samaki wa barafu, akiwatenga wale waliopasuka matumbo. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja katika jiko la kuandalia chakula cha pomboo, kwenye pwani ile ya Bávaro ambako watalii hushuka kwenye mabasi wakiwa wameshavaa nguo za kuogelea. Aliipenda kazi yake na hakuona haya kusema. Ndiyo iliyomwezekea nyumba na kumsomesha binti yake uuguzi.

Wilkin, mwalimu wa pomboo, alichungulia dirishani.

"Doña Edu, Perla kazaa. Ila hali ya mtoto siipendi."

Katika bwawa la tatu ndama wa pomboo alikuwa akielea ubavuubavu, na mama yake akimsukuma juu apate pumzi. Kwa watu wa huko mtoto anayeelekea kufa hasubiri padri. Aliye karibu hummwagia maji ya ubatizo. Mikono ya Eduvigis ilikuwa imewafanyia hivyo watoto watatu wa majirani, na haikungoja ruhusa yake. Alikinga kikombe cha maji ya bomba, maana ya bwawani yalikuwa na dawa nyingi mno, akatazama kwenye kalenda ya jikoni mtakatifu wa siku ile, akammwagia ndama kichwani na kumwita Telésforo. Ndama akavuta pumzi, akakaa sawa.

Alikuwa anajifuta mikono alipotambua alichokifanya. Ukimmwagia maji mtoto wa mtu umekuwa komadre wa mama yake, na huo ni undugu usiovunjika: hamgombani, hamtaniani, na mmoja akiomba jambo mwenzake hatulii mpaka amelihangaikia. Basi tena, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kesho yake Perla alitoa kichwa majini.

"Umeamkaje, komadre?"

"Salama, komadre. Mtoto kanyonya?"

"Kanyonya. Mungu akulipe."

Wilkin alikuwa anasugua sakafu. Alisema naye ana komadre kule Nagua mwenye sauti ya puani vilevile.

Miaka miwili ilipita vizuri. Kila asubuhi Telésforo aliomba baraka kwa mama yake wa ubatizo, naye akambariki kabla ya kumpa samaki. Perla hakuwa mlalamishi. Alisimulia mara moja tu jinsi alivyotolewa bahari kuu kwa wavu, kisha akausifu ukuta wa mashariki kwa kivuli chake. Wageni walimbusu, wakapigwa picha, wakaondoka wakishukuru.

Ndipo ikaja habari kwamba Telésforo atapelekwa kwa ndege kwenye bwawa la kisiwa kingine, zinakotia nanga meli za watalii.

"Komadre," alisema Perla, "sijawahi kukuomba kitu. Wasimchukue."

Eduvigis alivua aproni, akaoga, akavaa gauni la kanisani, akapanda ofisini kwa meneja, don Rhadamés.

"Telésforo ni mtoto wangu wa ubatizo," alimwambia. "Mama yake kanituma. Anaomba asichukuliwe."

Meneja aliweka kalamu chini. Yeye naye alimwagiwa maji nyumbani kwao Baní, na mambo ya komadre hakuyafanyia mzaha.

"Ingekuwa hiari yangu, doña Edu, ningemwacha. Mkataba umeshatiwa sahihi. Lakini mama wa ubatizo ana haki yake. Utamshika mkono mpaka kwenye ndege."

"Pezi, don Rhadamés."

"Pezi. Samahani."

Alimshukuru, tena kwa moyo mmoja. Alipofika katikati ya ngazi ndipo alipojisikia akiwa bado anashukuru, na akajichukia.

Siku ya safari Telésforo alilazwa kwenye machela ya turubai, mgongo umepakwa mafuta.

"Baraka zako, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Akufikishe."

Alimmiminia maji kwa sifongo mpaka mlango wa ndege ulipofungwa, kisha akarudi bwawani.

"Nimeomba, komadre, wamekataa. Kaondoka vizuri. Hakulia."

"Uliwaendea na gauni la kanisani?"

"Nililivaa."

"Basi asante, komadre."

Perla hakula siku tano. Siku ya sita daktari alileta vidonge, akaagiza kila asubuhi kimoja kifichwe ndani ya shavu la samaki, kama ilivyo kawaida ya mabwawa. Eduvigis alipiga magoti ukingoni na kukiweka kidonge juu ya kiganja, wazi.

"Komadre, hii ni dawa ya kukutuliza. Nimeambiwa nikufiche. Siwezi."

Perla alikitazama kwa jicho moja.

"Leo kuna wageni?"

"Mia mbili. Saa nne."

"Nipe. Asante kwa kuniambia."

Alikimeza bila samaki. Saa nne aliruka juu ya kamba mara mbili, akashangiliwa. Bibi mmoja mtalii, machozi yakimlengalenga, alimshika mkono Eduvigis aliyekuwa anapita na ndoo, akasema hajapata kuona kiumbe mwenye furaha kama yule, na akaomba amfikishie shukrani zake. Eduvigis alimwambia zitafika. Zilifika jioni ileile, na Perla akashukuru.