Kadi ya Upepo

Blanketi lilikuwa bado na joto. Muuguzi alilipapasa kwa viganja vyote viwili, akalikung'uta, akainama kutazama chini ya kitanda kidogo, kana kwamba kichanga kisichojua hata kugeuka kingeweza kuteremka na kujificha. Watoto wengine walikuwa wamelala fofofo. Huyu wa karibu na dirisha hakuwepo.

Muuguzi alikuwa ameingia tu chumba cha ndani kupasha maziwa.

"Umemchukua wa dirishani kumpima?" alimuuliza mwenzake wa zamu.

"Mimi? Nipo huku stoo nakunja nepi tangu uondoke."

Hapo ndipo alipokumbuka kutazama msumari. Msumari huo aliupigilia mwenyewe kwenye fremu ya mlango, upande wa nje, maana kadi ya kufungulia ilikuwa ikining'inia shingoni na kuwagonga watoto usoni kila alipoinama. Basi akawa anaitundika pale. Aliyesahau yake nyumbani alitumia hiyo; mfagiaji alitumia hiyo; hata daktari mwenye mikono iliyojaa alitumia hiyo. Wenzake, waliomwita Sista Upepo kwa jinsi asivyotulia mahali, walizoea kusema kadi ya Upepo haina mwenyewe. Mkuu wa walinzi alikuwa amemwonya mara nyingi, na mara nyingi alijibiwa kwa mzaha: "Nani aje kuiba mtoto, baba, na wenye watoto wenyewe wanazikimbia kelele zao?"

Msumari ulikuwa mtupu.

Mzaha ule ulimrudia mdomoni ukiwa mchungu kama shubiri. Alipiga simu kwa walinzi, na sauti iliyotoka hakuitambua kuwa yake. Punde lango kuu likafungwa. Mkuu wa walinzi akapanda ngazi akihema, akasikiliza, asimkaripie. Afadhali angemkaripia.

"Mama wa mtoto yuko wapi?" aliuliza.

"Juu, wodi ya waliopasuliwa. Hawezi kusimama bado. Mtoto tulimweka hapa aongeze uzito, na leo angepelekwa kwake, tulikuwa tunamsubiri daktari tu."

"Basi usimwambie kwanza. Tutafute. Tukimpata, hatajua kabisa."

Upepo alitikisa kichwa. Alijijua: akilikalia neno lile hata kidogo, angetafuta namna ya kulikalia siku zote. "Wewe tafuta, baba. Mimi naenda kwake. Asilisikie kwa mpita njia."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alipanda ngazi zile polepole. Angesema nini? Kwamba amepotea? Mtoto wa siku chache hapotei, hupotezwa. Alisimama mbele ya pazia, akapangusa uso kwa kiwiko, akalivuta.

Mama wa mtoto alikuwa ameegemea mito, na kifuani pake kichwa kidogo chenye nywele laini kilikuwa kikinyonya kwa pupa. Kando yake aliketi mama mkwe wake, kizee mnyoofu, na shingoni mwake ilining'inia kadi yenye picha ya Upepo akitabasamu.

Upepo alipiga magoti, akaushika mguu wa mtoto, akasoma utepe wa kifundoni, akausoma tena.

"Ndiye," alinong'ona. "Ndiye mwenyewe."

"Sasa angekuwa nani?" bibi alishangaa. "Mkwe wangu analia tangu asubuhi, anataka mwanawe. Nikashuka. Nikapiga hodi, kimya. Nikaiona kadi msumarini, nikaigusisha ukutani nilivyomwona mfagiaji akifanya, mlango ukaniitikia. Kwenye ngazi nikapishana na daktari, akaniambia, 'Pole na kazi, mama.'" Bibi alicheka. "Watu wa hapa wana adabu sana."

Upepo naye alicheka, kicheko kikamgeuka kilio katikati. Kizee huyu alipita kila mahali na uso wa mwingine kifuani, naye alikuwa bibi wa mtoto. Je, angekuwa si bibi?

Alitoka hadi ujiani, akampigia simu mkuu wa walinzi.

"Amepatikana, baba. Yuko kwa mama yake, ananyonya."

"Mungu mkubwa. Mungu mkubwa, mwanangu." Halafu, taratibu: "Msimamizi wa wauguzi atauliza."

"Nitakwenda mwenyewe. Kadi ni yangu, na msumari niliupigilia mimi."

Aliporudi, bibi alikuwa ameshaivua kadi na kumnyooshea, kidogo kwa aibu. "Nimekosea, eh? Nimekuona ulivyolia."

"Umekosea, mama. Lakini mimi nilikutangulia."

"Kuna nini, Sista?" mama wa mtoto aliuliza, macho yakihama toka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

"Nitakueleza yote, bila kuficha hata neno. Mwache ashibe kwanza."

"Basi kaa. Mbona umesimama kama mgeni?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mtoto aliachia ziwa, akakunja uso, akaanza kwikwi, mwili mzima ukiruka.

"Kwikwi ya shibe hiyo," bibi alisema. "Itaisha yenyewe."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Upepo. Hakuigusa. Alikaa pale, mkono juu ya mgongo ule mdogo, akingoja kwikwi iishe.