Matundu ya Pili

Kidole cha baba kilipofika kwenye tangi la hewa, kilisimama. Mpaka hapo kilikuwa kimeshapita kwenye gurudumu, kiatu cha breki na fimbo ya breki, na kila kilipogusa kitu mdomo wake ulikitaja, kama alivyofanya miaka thelathini akikagua mabehewa ya mizigo. Tofauti ni kwamba behewa hili halikutimia hata shibiri, lilikuwa limelala chali juu ya meza yetu ya chakula, na aliyelichomelea ni mimi.

"Tangi," alisema. Halafu akarudia, taratibu zaidi, "Tangi."

Nikajitia natafuta lenzi. Mama alikuwa uani anaanika nguo.

Baba alistaafu kazi, lakini kustaafu kwenyewe hakukujua. Jua halijachomoza ameshafagia uwanja uliofagiwa jana, ameshahamisha kabati, ameona halipendezi, amelirudisha. "Mume wangu, kaa," mama alikuwa akimwambia, "hata kiti kinakuonea huruma." Hakai. Akikaa, goti linacheza, vikombe vinalia mezani. Hatukuwa na raha, si yeye wala sisi.

Kisha siku moja akapokea bahasha bapa aliyoiagiza mwenyewe. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za shaba ya manjano, nyembamba mno, ambazo tindikali ilikuwa imezila kiwandani ikaacha vipande zaidi ya mia mbili: ngazi, bawaba, milango ya kumwagia kokoto, viatu vya breki vidogo kuliko punje ya mchele. Unavikata kimoja kimoja, unakunja, unachomelea, na mwisho unapata behewa la kisasa la kubebea kokoto, lilelile alilokuwa akilikagua kwenye yadi ya reli, ila limepunguzwa mara themanini na saba. Nikasema alhamdulillahi, mzee amepata mchezo.

Mikono yake ikamkatalia. Ilikuwa imeanza kutetemeka, na kipande cha kwanza kilimponyoka kikapotelea kwenye nyufa za sakafu. Ndipo akaja dukani kwangu, akasogeza simu za watu pembeni, akaweka bahasha yake juu ya meza ya kazi.

"Wewe unachomelea vitu visivyoonekana," akasema. "Hutashindwa na behewa."

"Baba, hizo simu zina wenyewe."

"Na hili lina mwenyewe."

Basi mchana nilitengeneza simu, jioni behewa. Yeye alisimama nyuma yangu akinipumulia shingoni. "Mstari uliochimbwa unakaa ndani ya kunjo, si nje. Kunja mara moja tu. Shaba hii ukiikunja ukaikunjua, inakatika." Nikikosea anaguna. Nikipatia pia anaguna. Nilikuwa natamani kumfukuza, na siku asipokuja nilikuwa nachungulia barabarani kila dakika kumi.

Wiki ya tano nikamkuta anakata mtu wa karatasi, urefu wake sentimita mbili.

"Huyo nani tena, dereva?" nikamtania.

"Ni mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na hapo nikajua tulikuwa tunajenga nini.

Mama alikuwa na kaka yake, mfungaji wa mabehewa katika yadi ileile. Kazi yake ilikuwa kuingia katikati ya behewa na behewa na kuyaunganisha. Watu walimwita Mluzi kwa sababu hakujua kufanya jambo bila kupiga mluzi. Hata msibani ilibidi mama amfinye. Yeye na baba walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, kutwa nzima, bila kuchoka. Miaka kumi na mmoja kabla ya bahasha ile, behewa lilijisogeza lenyewe mchana kweupe, Mluzi akiwa katikati.

Breki ya mkono ilikuwa imekazwa. Lakini chini kule fimbo yake ilikuwa imechomoka, kwa hiyo kiatu hakikubana gurudumu. Baba ndiye aliyekuwa amelikagua, na aliandika kwamba aliona kiatu kimebana. Tume ya uchunguzi ikaamua kwamba fimbo ilichomoka baada ya ukaguzi. Bahati mbaya, wakasema. Mama akazika kaka yake, hakuuliza neno. Baba naye hakusema neno.

"Nimesema nilikiona," aliniambia siku ile, mtu wa karatasi kakaa kwenye ncha ya kidole chake. "Nimesema mara nyingi mpaka nikifumba macho nakiona kweli. Lakini siku ile kulikuwa na matope, na sikumbuki magoti yangu kulowa. Sasa kama mtu aliyesimama anaweza kukiona kile kiatu, basi nilikiona. Kama haiwezekani..."

Akanionyesha matundu ya kushikizia tangi chini ya behewa. Yalikuwa jozi mbili, kwa sababu mabehewa yale yalitengenezwa kwa awamu mbili. Ya awamu ya kwanza tangi lao lilikaa katikati. Ya awamu ya pili lilikaa karibu na gurudumu. "Lile la siku ile lilikuwa la awamu ya pili," akasema. "Matundu ya pili. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Alipoondoka nikaliegesha tangi kwenye matundu ya pili bila kulichomelea, nikamsimamisha mtu wa karatasi kando, nikalaza shavu mezani na kutazama kutoka kichwani kwake. Niliona tangi. Kiatu hakikuonekana hata ukucha. Nikalihamishia kwenye matundu ya kwanza, kiatu kikatokea peupe, hata kipofu angekiona.

Nilikaa nalitazama mpaka kichomeo kikaanza kunukia. Akilini nilimwona baba akihamisha kabati. Nilimwona mama akimtazama akihamisha kabati. Nikasema potelea mbali, watu hawa wamechoka, na mimi nimechoka nao. Nikalichomelea kwenye matundu ya kwanza.

Siku nne zilizofuata sikutulia. Niliunguza simu ya mwalimu mmoja, nikampa mteja chaji isiyo yake, na kila kivuli kilichopita mlangoni nilidhani ni cha baba.

Jumapili, nyumbani, akalisimamisha behewa kwenye kipande cha reli juu ya meza ya chakula. Akamweka mtu wake wa karatasi mahali alipokuwa amesimama siku ile, akafumba jicho moja, akashuka mpaka shavu likagusa meza. Akakaa hivyo. Halafu goti lake, lile goti lililokuwa likicheza tangu astaafu, likatulia.

"Ninakiona," akasema. "Mwanangu, ninakiona!"

Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, na mimi nikalia naye kwa furaha, naapa ilikuwa furaha. Kama angeinuka pale akaenda uani kumwita mama, ningeufukia uongo ule hadi leo.

Lakini mkaguzi ni mkaguzi. "Jicho hudanganya, kidole hakidanganyi," ndivyo alivyokuwa akiwafundisha vijana wa yadi. Akaligeuza behewa chali, akaanza kuligusa kipande kwa kipande.

"Tangi," akasema mara ya tatu. "Nilikwambia matundu yapi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku nne.

"Ya pili."

"Washa kichomeo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Niliyeyusha risasi iliyolishika tangi, nikalitoa, nikalichomelea mahali pake, na kwa mara ya kwanza mikono iliyotetemeka ilikuwa yangu. Yake ilikuwa imelishika behewa imara kabisa. Lilipopoa akalisimamisha, akashuka tena, shavu mezani. Hakukawia.

"Mama watoto!" akaita. Ndivyo alivyokuwa akimwita akiwa na jambo zito. "Njoo uone."

Mama akaja na vibanio vya nguo mkononi. Baba akamwambia akiwa amesimama wima, kama anatoa taarifa kazini.

"Niliandika kwamba niliona kiatu kimebana. Pale nilipokuwa nimesimama hakionekani. Sikuinama, mke wangu. Niliona breki imekazwa juu, nikaridhika."

Mama akaweka vibanio chini. Akainama, akafumba jicho, akatazama kutoka pale pale kwa mtu wa karatasi. Alitazama muda mrefu sana.

"Na yeye je?" akauliza bila kuinuka. "Kaka yangu hakuwa na magoti? Kwa nini hakuinama mwenyewe?"

"Aliniuliza mimi. 'Shemeji, imebana?' Nikamwambia, 'Imebana, ingia.'"

Mama akavuta kiti, akakaa. Nilingoja kilio. Badala yake akamwokota mtu wa karatasi, akamgeuzageuza.

"Unazunguka nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutagia," akasema, "na mimi miaka kumi na mmoja nangoja useme. Nina hasira na wewe. Usidhani sina. Nitakuwa nazo kesho na kesho kutwa."

"Najua."

"Na huyu wako, mpaka leo hujamwinamisha."

Akamkunja kiunoni, akambana kwa ukucha ili kunjo likae, akamrudisha kando ya gurudumu. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Lete mkasi. Tumkate na kaka yangu. Mrefu kumzidi huyu, msimpunje."

Alimnunia baba wiki tatu, kama alivyoahidi. Kabati halikuhama tena.

Behewa lipo dukani kwangu sasa, kwenye kioo, juu ya simu. Wateja huuliza yule aliyesimama ni nani. Nawaambia ni mjomba. Wakiuliza yule aliyeinama anatafuta nini, nawaambia hajapoteza kitu, anaangalia breki.