Kibao Namba Kumi na Saba

Fundi cherehani alikuwa anafua suruali aliyotoka nayo matembezini, vidole vyake vikagusa kitu kigumu mfukoni. Kilikuwa kile kibao cha namba kumi na saba.

Asubuhi mlinzi wa hifadhi, mzee anayechechemea, alimkabidhi kibao hicho langoni. "Ukishuka kutoka kwenye maporomoko ya maji, nirudishie mkononi," alimwambia. "Kisiporudi, najua bado uko huko juu, na mimi nakufuata."

Lakini wakati wa kurudi mvua ilikuwa inamwagika, dada yake anapiga honi barabarani, naye akapita langoni mbio bila hata kuaga, mtu mzima na akili zake.

Sasa jioni ilikuwa inaingia na mvua haijakata. Povu la sabuni likiwa bado mikononi, akapiga namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya kibao. Akapokea mke wa mlinzi.

"Samahani, mama. Mimi ndiye namba kumi na saba. Niko nyumbani, mzima."



"Afadhali wewe, mwanangu," alisema yule mama. "Mzee wangu amepanda kukutafuta tangu saa kumi. Hajashuka."