Kaa Pangoni

Siku ya majaribio, Mnong'ono alikuwa na sentensi kumi na nne kichwani, na zote zilikuwa zimegoma kutoka.

Hilo jina alibandikwa nyumbani, maana akiomba chumvi mezani lazima watu waache kutafuna ndipo wamsikie. Na bado, katika kazi zote duniani, akaenda kutaka ya kuongoza wageni kwa boti ndani ya pango, kwenye mto unaopita chini ya mlima kwa saa nzima bila kuona jua. Mjomba wake ndiye aliyekuwa mpiga kasia. Msimamizi, mama mmoja asiyecheka, alikaa nyuma na karatasi yake.

"Wageni wote wakikusikia, kazi unayo," alisema. "Wasipokusikia, tutakushukuru kwa kuja."

Wageni walikuwa watatu: fundi cherehani mnene, mke wake, na mama mkwe wake.

Waliingia. Dari ilikuwa juu mpaka mwanga wa tochi ulichoka njiani. Mawe yalining'inia kama soksi zilizoanikwa.

"Ka... karibuni," alisema Mnong'ono.

"Anasema nini?" aliuliza mama mkwe.

"Amepiga chafya, mama," akajibu binti yake.

"Mpwa wangu, paza sauti!" Mjomba akamgeukia. "Hata popo hawajashtuka!"

Msimamizi akaandika kitu. Kirefu.

Mto ukakunja kona. Mbele, dari ilishuka ghafla mpaka usawa wa kifua cha mtu. Na fundi ndio kwanza amesimama, ameipa mbele mgongo, anampiga mkewe picha.

Mnong'ono alitaka kusema, "Baba, tafadhali kaa chini, kuna jiwe." Lilitoka neno moja tu, ila lilitoka lote.

"KAA!"

Pango likalidaka, likalirudisha: kaa, kaa, kaa, kaa.

"Kaa?" Fundi akarukia juu ya kiti. "Yuko wapi?"

"Wako wanne!" Mama mkwe naye akapanda. "Nimewasikia wakitajwa!"

Mkewe akapanda pia. Boti ikayumba kama mlevi. Mjomba akaacha kasia, akainama kuwasaka chini ya mbao, ndoo mkononi.

"Wakubwa?" aliuliza.

"Siyo kaa!" Mnong'ono alilia. "Nasema kaa!"

"Si ndio hao hao, dada!" fundi akafoka, mguu mmoja hewani.

Jiwe likasogea. Mnong'ono akatafuta neno lingine, neno lolote, lisilo na miguu wala magamba. Akajaza kifua.

"JAMANI, WEKENI MAKALIO KWENYE VITI!"

Makalio, kalio, lio, likaitikia pango.

Wote wakadondoka pu, kwa mpigo mmoja. Jiwe likapita juu yao, likamvua fundi kofia bila kuomba ruhusa.

Mnong'ono akaona kazi inazama palepale ilipozama kofia.

"Umetaja makalio mbele ya wageni," alisema msimamizi.

"Nisamehe, mama."

"Pango nalo limerudia." Akamgeukia fundi. "Wewe baba, ulimsikia?"

"Nimemsikia kwa masikio," alisema fundi akijipapasa nyuma, "na kwa hayo aliyoyataja."

"Na wewe bibi?"

"Mpaka kwenye meno ya bandia!"

Msimamizi akaandika, akafuta, akaandika tena. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, akaikaza.

"Anza Jumatatu, saa mbili kamili. Na lile neno la kwanza lisisikike tena humu ndani."

"Sasa niseme nini, mama?"

"Hilo la pili. Limefanya kazi."

Mto ukakunja kona nyingine, dari ikaanza tena kushuka. Mnong'ono akavuta pumzi, akafungua mdomo. Kabla hajatamka kitu, boti nzima ilikuwa imeshajikunyata kwenye viti, msimamizi akiwa wa kwanza, ameking'ang'ania chake kwa mikono miwili.